Siku niliyoitoa kwaya nzima mbio kanisani

Kwenye grupu la WhatsApp la kwaya yetu mi sina jina tena. Nimebatizwa, cheti ninacho, kitambulisho cha NIDA ninacho, ila mle ndani naitwa Zimamoto tu, na hata wanakwaya walioingia juzi juzi nao wananiita hivohivo bila kujua kisa, wakiuliza wanaambiwa kamuulize mwenyewe. Sasa nimechoka kusimulia mmoja mmoja. Wacha niandike mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii asome, anicheke akiwa kwao.

Ilikuwa 2017, mwisho wa mwezi wa kumi. Kwaya yetu ya wanachuo (chuo nakiacha, wahusika mpo na mnajijua) ilialikwa Italia siku kumi na kwaya ya wanafunzi wa kule Toscana, upande wa Arezzo. Habari za viza na harambee na kuuza maandazi mabwenini sizigusi, hiyo ni stori nyingine na ina machozi. Ninachotaka mjue ni kwamba kwenye kikao cha mwisho kabla ya safari mwenyekiti aliuliza, jamani, kuna mtu yeyote humu anajua Kitaliano? Kimya. Na mimi, kwa mkono wangu huuhuu wa kulia ambao sijui ulitumwa na nani, nikanyoosha.

Msinihukumu mapema. Mi nilifanya fildi miezi miwili kwenye hoteli moja Kiwengwa, Unguja, na wanaopajua Kiwengwa wanajua Waitaliano walivyojaa pale, mpaka vijana wa ufukweni wanauza vinyago kwa Kitaliano kama wamezaliwa Napoli. Nilikuwa nabeba mabegi. Nikatoka pale na maneno kama arobaini hivi, ciao, grazie, bello, piano piano, quanto costa, na matusi matatu, na juu ya hayo nikatoka na ile mikono, yaani nikisema ciao mkono nao unaongea ya kwake. Sasa mbele ya watu ambao hawana hata neno moja, mwenye maneno arobaini ni profesa. Nikateuliwa mkalimani wa msafara, nikapewa na beji.

Roma sikai sana, tulipita siku mbili tu na nusu ya watu walikuwa wanasinzia wamesimama. Nakumbuka pale chemchemi ya Trevi, ile ambayo unageuza mgongo unarusha sarafu kwa mkono wa kulia juu ya bega la kushoto ili siku moja urudi Roma, mweka hazina wetu alisimama kama askari akasema hela ya msafara hairushwi majini, nikamwelewesha kwamba dada hizi sarafu zinaokotwa zinapelekwa Caritas kusaidia maskini, akasema maskini ndo sisi. Tukaondoka.

Ila ni hapohapo Roma nilipoanza kuharibu. Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya masista, baridi ile ya asubuhi inayong'ata masikio, na bafuni kuna bomba mbili, moja imeandikwa C nyingine F. Wakaniita, mkalimani njoo utusomee. Nikaangalia nikaona hii mbona rahisi, C ni cold, si wote tumesoma? Haya na F? Hapo nikakwama kidogo, lakini mkalimani hakwami mbele ya watu, nikasema F ni faya, yale ya moto. Wakaridhika kabisa, wakachukua taulo wakaenda. Kumbe Kitaliano caldo ndo moto na freddo ndo baridi, yaani ni kinyume na nilivyosema kwa asilimia mia. Waliotaka maji ya moto wakafungua F wakasimama wanasubiri yapate moto, wakasubiri, wakasubiri, meno yanagongana mpaka ukutani unasikia kayamba. Mwalimu wetu wa kwaya yeye ni mtu wa mazoezi, miaka yote anaoga maji ya baridi, akafungua C mpaka mwisho akaingia chini mzima mzima. Jamani. Mwalimu ni besi, besi ile ya kutikisa vioo, lakini asubuhi ile alitoa noti ambayo soprano wetu mpaka leo hawajaifikia.

Akatoka mwekundu mgongo mzima akaniambia kitu kimoja tu, "Kijana, uwe unauliza." Nikasema sawa Mwalimu. Jioni yake nikawaagizia watu pizza ya peperoni, maana mi najua peperoni ni zile soseji nyembamba, sikuuliza, zikaja pizza ishirini na sita zimejaa pilipili hoho. Nikawaambia huku ndo wanavyokula. Watu wakala huku wananiangalia.

Haya, Arezzo. Tulitoka stesheni ya Termini na ile treni ya kawaida inayosimama kila mahali, masaa mawili na kitu, na njia nzima Mwalimu hakukaa chini. Kwake Arezzo ilikuwa kama kwenda kuhiji. Ni hivi, karibu miaka elfu moja iliyopita pale mjini alikuwepo mtawa mmoja anaitwa Guido, alikuwa anafundisha waimbaji na akachoka kuona watu wanakariri nyimbo miaka na miaka kwa kusikia tu, akachukua utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji ambao kila kipande kinaanza noti moja juu ya kile kilichopita, akakata silabi za mwanzo, ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadae ikageuzwa do. Kwa hiyo wewe unayeshika zile karatasi za fotokopi zilizofifia, d r m f s l, unasaga meno kwenye mazoezi saa kumi na mbili jioni na njaa, ujue mwenye mali ni yule mzee. Ana sanamu yake pale kwenye uwanja unaoitwa kwa jina lake, Piazza Guido Monaco. Mwalimu alipoiona akavua kofia. Akatupanga mistari minne, sauti ya kwanza mpaka ya nne, mabegi miguuni, tukaiimbia sanamu skeli, kupanda na kushuka, magari yanazunguka wanatushangaa, mama mmoja akataka kutupa hela na mweka hazina akawa ameshanyoosha mkono.

Wenyeji wetu walikuwa watu wazuri sana, hilo niliseme kabisa, walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Mwalimu wao mama mmoja mwembamba, mchangamfu, nywele fupi, Kiingereza chake kama Kitaliano changu. Mazoezi ya pamoja yakapangwa kwenye ukumbi wao, tuimbe nao wimbo mmoja wa Kiswahili, na Mwalimu alikuwa amewaandikia kabisa kwa nota zetu zile za herufi, juu kabisa ameandika Do ni G.

Hapa wanaoimba watanielewa. Do yetu sisi inahama. Leo iko G, kesho iko F, Jumapili mpiga kinanda akiamka vibaya iko E-flati, ni kama kinyozi wa mtaani, unamfuata alipo. Waitaliano Do yao haihami, imepigiliwa misumari, Do kwao ni ile C ya kwenye kinanda basi, iwe mvua liwe jua. Yule mama akaangalia karatasi, akakunja uso, akaniita mkalimani, akaweka kidole juu ya karatasi akauliza kwa mshangao, "Do?" Na mimi nikaweka mkono kifuani nikamjibu, "Do ni Do mama, dunia nzima." Akainua mabega, akasema va bene, tukaanza.

Wao wakaimba kwa Do yao, sisi kwa yetu. Maneno yaleyale, mwendo uleule, ila kwaya mbili zinafuatana kwa umbali uleule mwanzo mpaka mwisho kama malori mawili kwenye mlima wa Kitonga, hakuna linalompisha mwenzake. Cha ajabu halikuwa baya kiivyo. Lilikuwa la kizamani tu, kama sauti inatoka kisimani. Tulipomaliza yule mama akacheka mpaka akakaa, akasema maneno mengi ndani yake nikasikia Guido, Guido. Mwalimu akaniuliza anasemaje? Nikasema, "Anasema Guido angetufukuza." Mwalimu alinuna siku mbili. Kumbe mama wa watu alikuwa anasema ndivyo hasa walivyokuwa wakiimba enzi za Guido, sauti mbili zinakwenda sambamba hivyohivyo, na Guido mwenyewe aliandika jinsi ya kufanya. Alikuwa anatusifia! Hilo nimekuja kulijua baadae sana, na Mwalimu simwambii.

Halafu kuna hii ya "si". Sisi kwenye skeli tunaimba ti, wao wanaimba si. Na kukubali pia wanasema sì. Sasa yule mama akifurahi katikati ya wimbo anapiga makofi, "Sì! Sì! Sì!" na dada zetu wa sauti ya pili kila wakisikia si, si, si, wanaacha kuimba, wanajua wanakanywa, siyo hivyo. Wakiacha mama anashangaa, wakianza tena anafurahi, akifurahi wanaacha. Nusu saa. Mkalimani nilikuwa nje nakunywa kahawa, zile kahawa zao za kikombe cha mwanasesere.

Sasa ndo tufike kwenyewe.

Onyesho lilikuwa kwenye kanisa moja la zamani kwenye kamji kadogo nje ya Arezzo, jina la kanisa nalifunika maana watu wa pale hawana kosa. Kuanza saa tatu usiku, ndo kawaida yao, muda ambao sisi bwenini mlinzi anaanza kutafuta funguo za geti. Kanisa la mawe matupu, baridi inatoka sakafuni inapanda miguuni, na sisi tumevaa vitenge mikono mifupi na ndani kila mtu kaficha sweta mbili, kwaya nzima tulikuwa tumenenepa ghafla. Watu wamejaa, wazee, watoto, paroko kakaa mbele kabisa na ndevu zake nyeupe anatabasamu tu. Kwenye uwanja nje ya kanisa kulikuwa na jamaa anachoma njugu, siyo njugu zetu, zile kubwa za kahawia zinazotoka na baridi ya mwezi wa kumi, sufuria limetobolewa matundu chini, moshi unapanda, na ule moshi kidogo kidogo ulikuwa unaingia kanisani kupitia mlango wa pembeni. Huo moshi muushike.

Besi tulipangwa nyuma kabisa, na mimi ndo wa mwisho pembeni, mgongo wangu na mlango wa sakristia (kile chumba cha padri kuvalia) kama hatua mbili. Wimbo wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri, watu wakapiga makofi. Wa tatu ulikuwa wa Kilatini, ule wa taratibu, wa kunong'ona, ambao Mwalimu akiuongoza anafumba macho kabisa na mikono inaelea kama anafua shuka kwenye maji mengi. Kanisa kimya hata mtu hakohoi.

Nyuma yangu mlango wa sakristia ukafunguka. Akatokeza mzee wa sakristia, mfupi, anahema, macho yamemtoka. Akaniona mimi. Nadhani aliona ile beji. Akanisogelea sikioni, mikono yote miwili inapepea kuelekea nje, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "La moto! La moto! Fuori!"

Jamani nyie. Jiwekeni kwenye nafasi yangu. Moto nimeusikia kwa masikio yangu mawili. Na fuori nalijua, tena hilo nalijua kwa uhakika kabisa kwa sababu mashine ya soda pale Termini ilikuwa imebandikwa karatasi fuori servizio, nikauliza (niliuliza!) nikaambiwa fuori ni nje. Kwa hiyo mzee anasema: moto, moto, nje. Na moshi huo hapo puani. Mi nimekulia Dar, mtu wa Dar akisikia moto haulizi moto wa nini, anauliza mlango uko wapi.

Nikamgeukia besi mwenzangu nikamnong'oneza bila kugeuza shingo, "Kuna moto. Tutoke taratibu kwa mlango huu. Pitisha." Taratibu! Nilisema taratibu. Akapitisha. Besi wa tatu akaambiwa kuna moto tutoke, wa nne akaambiwa moto toka, wa tano akaambiwa moto tu. Tukaanza kuyeyuka mmoja mmoja kwenye mlango wa sakristia, na ili tusiwashtue watu tulikuwa tunatoka huku tunaimba. Mwalimu macho kafumba. Akasikia besi inapungua, mkono wa kushoto ukafanya hivi, ongezeni. Besi ikaisha. Mkono ukaomba tena, ongezeni jamani. Wa sauti ya tatu nao wakaanza kuondoka. Mwalimu sura imejikunja, macho bado kafumba, anaomba kwa mikono miwili sasa kama mtu anayeita mvua. Zikabaki sauti za wanawake, nzuri, nyembamba, halafu habari ikafika kwa soprano.

Soprano hawanong'oni. Dada mmoja alipiga "MOTOOO!" kwa noti ileile aliyokuwa anaimba, nampa hongera, hakutoka nje ya ufunguo, wakageuka wote kwa pamoja. Mwalimu alipofumbua macho kulikuwa na kinanda, ngoma moja, na kiatu cha mtu.

Huko nje sasa. Watu ishirini na kitu wa vitenge tumesimama uwanjani tunatetemeka, tunahesabiana, wengine wanasali. Besi mmoja, simtaji ila yeye aliwahi kufanya kazi kituo cha mafuta na alipewa semina, kumbe wakati anapita sakristia alichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, kaukumbatia, anauliza uko wapi, uko wapi. Akaona moshi wa yule jamaa wa njugu. Akaenda mbio, akamwelekezea mpira. Jamaa wa watu akaacha kila kitu akanyoosha mikono juu. Nilimuwahi nikamshika kiuno, Mungu anisamehe, lakini zile njugu zilikuwa sekunde moja kabla ya kuwa keki ya harusi.

Na waliokuwa ndani nao wakaanza kutoka. Siyo kwa kukimbia, wanatoka taratibu wanatabasamu, wengine wanapiga makofi kwa mdundo. Walidhani ni sehemu ya onyesho! Walidhani ndo Afrika yenyewe, wimbo unaanza madhabahuni unaishia barabarani.

Nikawa natafuta moto kwa macho. Sioni. Pale kwenye ukuta wa kanisa namwona askari wa barabarani anaandika kwenye kitabu, na mbele yake pikipiki moja kubwa nyeusi imeegeshwa imeziba geti la nyumba ya jirani, na jirani mwenyewe yuko ndani ya gari lake ndani ya geti, mikono inapiga usukani. Yule mzee wa sakristia yuko pembeni ya pikipiki, ananiita kwa mikono yote, "La moto! La moto!" anaionyesha.

Ndo akatoka dada mmoja wa sauti ya pili, wa mwisho kabisa, anatembea zake, mtandio kauvuta vizuri mabegani. Yeye ni Mkongomani, wa Bukavu, alikuwa anasoma na sisi. Akatuangalia mmoja mmoja. Akaangalia mtungi. Akasema, "Sasa munakimbia nini? Ule muzee anasema moto iko inje. Moto! Pikipiki! Mi nikafikiri wametuitia moto zitupeleke kulala."

Kimya.

Bukavu pikipiki inaitwa moto. Kigali moto. Bujumbura moto. Na Italia moto. Yaani katika msafara ule wa watu ishirini na sita mkalimani alikuwepo siku zote, kakaa sauti ya pili, hana beji.

Mwalimu akatoka na kile chuma chake cha kupigia noti mkononi. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya ngoma. Nilitegemea anitukane, bora angenitukana. Akasema tu, "Mkalimani." Halafu akageuka, akatazama wale watu wote wametuzunguka uwanjani wanasubiri kitu, na Mwalimu akili yake ndo ilipo hapo, akainua mikono akaanzisha ule wimbo wetu wa ngoma wa kufungia, hapohapo kwenye baridi. Jamani tuliimba. Hofu yote ile ikaishia kwenye vigelegele, tukazunguka uwanja, tukaingia nao kanisani tunacheza, Waitaliano nyuma yetu wanakosea miguu, yule jamaa wa njugu naye kaingia na karatasi zake anagawa. Paroko yeye hakuingia kwanza, ilibidi abaki nje kidogo. Pikipiki ilikuwa ya kwake. Nilimwona kwa mlango anapanda na kanzu yake, askari kamfungia kitabu kwa heshima, akaiwasha, akaipeleka upande wa pili wa uwanja.

Basi tukamaliza programu yote, mambo yakawa moto (samahani). Wimbo wa mwisho ukaisha, watu wakasimama, makofi, na wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, "Bis! Bis! Bis!"

Mwalimu akanigeukia. Sijui kwa nini alinigeukia mimi. Mazoea. Akauliza kwa mdomo wa pembeni, "Wanasemaje?"

Na mimi sasa nimekuwa mwangalifu. Nikasikiliza vizuri. Bis, bis. Nikafikiria, nikamwambia, "Mwalimu, aidha wanasema basi, imetosha, au wanasema basi limekuja kutuchukua. Ila maana zote mbili zinatupeleka nje." Kweli na basi lilikuwa limeshafika, lile dogo tulilokodiwa na wenyeji. Mwalimu akainama, tukainama, tukaanza kutoka. Wakazidisha, "BIS! BIS!" wanapiga na miguu sakafuni. Mwenyekiti akasema jamani tumewachosha vibaya, tembeeni haraka. Tukatembea haraka. Wakatufuata mpaka nje. Tukapanda basi, wakazunguka basi, wanagonga ubavuni, bis, bis, na sisi tunafunga vioo tunawapungia, tunasema asante, tumesikia, tunaondoka. Dada wa Bukavu alijaribu kusema kitu, Kifaransa naye anakijua, kumbe na huko bis ni rudieni, lakini nani alimsikia kwenye zile kelele?

Mi nilikaa siti ya nyuma kabisa dirishani, sitaki kuonana na mtu. Nikamwona yule mzee wa sakristia anakuja mbio kwenye kioo changu. Nikasema ona, mzee hana kinyongo, kaja kuniaga. Anapunga mikono yote, jasho linamtoka, anasema, na safari hii nilimsikia vizuri kabisa kupitia kioo, "La moto! La moto! Dietro!"

Nikacheka kwa raha. Safari hii nimemwelewa, moto ni pikipiki, ananitania mzee wangu. Nikampa dole gumba, nikamwambia "Sì, sì! La moto!" Akaruka juu, akagonga kioo, "Dietro! Dietro!" Nikasema na wewe pia mzee, usiku mwema.

Dereva akaingiza rivasi.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa krrrap ya taratibu, halafu kishindo kimoja, halafu kioo kimoja kinaanguka chini. Dietro ni nyuma. Ndo upande wa pili wa uwanja ambako paroko alikuwa kahamishia.

Kelele za bis zikakatika zote kwa mara moja. Mwalimu akasimama kwenye siti ya mbele, akageuka pole pole kutazama nyuma, mweka hazina akafunga macho. Paroko akatoka kwenye watu na kanzu yake, akaangalia pikipiki imelala ubavu, kioo cha kushoto hakipo, akaangalia basi, akapandisha macho mpaka dirisha la mwisho, akanikuta mimi, na dole gumba langu bado lilikuwa juu.